Sufuria ya umeme ya kupikia ikigage: fedha ya kwanza iende kwenye usalama

Na Mwandishi Maalumu, Mudende

UKITAJA pombe katika Wilaya ya Rubavu, wengi hukumbuka kwanza kiwanda cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957 kando ya Ziwa Kivu. Kiwandani kuna mapipa makubwa ya chuma, vipimajoto, na wataalamu wanaojua kila dakika joto limefika wapi. Kuanzia mwaka 1963, na kwa miaka mingi baadaye, kiwanda hicho kilichemsha maji yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka chini ya ziwa, pale Rubona.

Huku juu Mudende, kwenye mashamba ya viazi na pareto, mama anayepika ikigage hana pipa la chuma wala kipimajoto. Ana sufuria, mafiga matatu, kuni za mikaratusi na kidole chake. Akichovya kidole na kukitoa upesi, anajua maji yamekuwa moto mno. Kikivumilia, anajua wakati wa kutia unga wa kimea umefika. Hesabu hiyo ya kidole tusiidharau, maana imelisha watoto na kuwanunulia madaftari.

Lakini ina hasara yake. Wiki hii pombe inatoka tamu na wateja wanasifu, wiki ijayo inachachuka kabla ya siku ya soko na mtama wote unakuwa chakula cha nguruwe. Mama huyo hajui kilichobadilika, kwa sababu hakuwa na namna ya kupima.

Swali la makala haya ni hili: je, familia ya kawaida inaweza kujitengenezea mtambo mdogo wa umeme wa kupikia pombe ya mtama, bila kuuza ng'ombe? Jibu ni ndiyo. Tena vifaa vingi vinapatikana katika maduka ya mjini Gisenyi. Lakini kuna sharti moja ambalo halina mjadala: fedha ya kwanza iende kwenye usalama wa umeme, na sufuria ifuate baadaye.

Umeme umekuja, kuni zinakwenda

Mwaka 2009 nyumba zenye umeme nchini Rwanda hazikufika hata moja katika kila kumi. Leo zilizounganishwa ni zaidi ya nusu, na mita ya kashi pawa imekuwa kitu cha kawaida hata vijijini. Wilaya yetu yenyewe inazalisha umeme, tangu mitambo ya zamani ya mto Sebeya hadi ule wa gesi ya Kivu pale Nyamyumba. Hata hivyo, katika nyumba nyingi umeme huo unawasha taa, redio na kuchaji simu, basi.

Kuni nazo zina historia yake hapa. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umebaki chini ya hekta 1,000. Ulikatwa kwa malisho, kwa mashamba, na baada ya mwaka 1994 kwa makazi ya watu waliorejea kutoka uhamishoni. Mimi ni mmoja wa waliorejea, na najua kwamba mtu aliyefika na godoro na sufuria moja hakuwa na nishati nyingine isipokuwa mti uliokuwa mbele yake. Leo hali ni tofauti. Kila mzigo wa kuni unaoachwa ni mikaratusi inayobaki mlimani kushika udongo, na ni moshi ambao hauingii kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni.

Joto ndilo mpishi mwenyewe

Kabla ya kununua hata msumari, inafaa kuelewa kinachotendeka ndani ya sufuria. Punje ya mtama ina wanga, na hamira haili wanga, hula sukari. Kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari hufanywa na vimeng'enya ambavyo punje huvitengeneza inapoota. Ndiyo maana tunaloweka mtama, tunauacha uchipue siku tatu au nne, kisha tunaukausha na kuusaga. Wanyarwanda huita kimea hicho amamera.

Vimeng'enya vina tabia kama ya mfanyakazi: pakiwa baridi wanafanya kazi kivivu, pakiwa moto mno wanakufa. Mahali panapowafaa ni kati ya nyuzi 60 na 70 hivi za Selsiasi. Tatizo ni kwamba wanga wa mtama hulainika vizuri kati ya nyuzi 67 na 77, yaani juu kuliko wanga wa shayiri. Kwa hiyo ukipika kwa joto la chini, wanga unabaki mgumu na sukari inakuwa haba. Ukipika kwa joto la juu, wanga unalainika lakini vimeng'enya vimekwisha kufa.

Wapishi wa zamani katika sehemu nyingi za Afrika walikwisha kutatua fumbo hili bila kitabu. Wanachanganya unga wa kimea na maji ya uvuguvugu, wanauacha utulie, wanachota maji ya juu na kuyaweka kando. Uzito unaobaki chini ndio wanaoupika mpaka ulainike. Kisha wanarudisha yale maji ya juu, ambayo ndani yake vimeng'enya bado ni hai. Ni akili kubwa. Kilichopungua ni namba tu, na namba hiyo huletwa na kipimajoto.

Pipa nje, sufuria ndani

Wazungu wanaojipikia bia nyumbani hutoboa sufuria, hupachika hita ndani yake na kuchemsha moja kwa moja. Kwa shayiri inafaa, kwa sababu maji yake ni mepesi. Kwa mtama haifai. Uji wetu ni mzito. Ukigusa hita unaganda, unaungua, na pombe nzima inanuka moshi. Hita nayo huungua upesi.

Njia inayofaa ni ile ya mama anayepasha maziwa: chombo ndani ya chombo. Chukua pipa la chuma la lita 80 hadi 100. Karibu na kitako chake, fundi atoboe tundu na kupachika hita ya kuchemshia maji, kama zile za maboila, ya wati 2,000, ikiwa na mpira wa kuzuia maji yasivuje. Weka kigoda cha chuma au matofali ndani ya pipa, kiasi cha sentimita 15 juu ya kitako, ili sufuria isikae juu ya hita. Sufuria ya lita 40 ikae juu ya kigoda hicho. Katikati mwao ni maji matupu. Hita inapasha maji, maji yanapasha sufuria, na uji hauungui.

Jambo la pili ni kwamba Mudende iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 92 au 93 tu, wala si 100. Uji ulio ndani ya sufuria utafika nyuzi 85 au zaidi kidogo bila kutokota. Hilo lisikutie hofu. Nyuzi 85 zinatosha kulainisha wanga wa mtama, na zikikaa kwa dakika 20 hadi 30 zinaua karibu vijidudu vyote vinavyochachusha pombe.

Wapi pa kubana, wapi pasibanwe

Hapa ndipo mwenye mfuko mdogo anapotakiwa kuwa na akili. Pipa la nje linaweza kuwa la mtumba, maana pombe hailigusi. Likiwa na kutu kidogo si neno, mradi halivuji na halikubeba mafuta ya gari, dawa ya viazi au rangi. Kigoda kinaweza kusukwa na fundi wa kuchomelea kwa vyuma chakavu. Kwa kuzuia joto lisipotee, zungushia pipa blanketi kuukuu au vipande vya godoro, mbali na mahali waya unapoingia.

Sufuria ya ndani iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya aluminiamu ya kawaida ya jikoni. Usitumie kabisa chombo cha bati lililopakwa zinki, kama ndoo za kuchotea maji za zamani. Pombe ina asidi, na asidi hula zinki na kuiingiza tumboni mwa mnywaji. Aluminiamu itumike kupikia tu. Pombe isilale humo. Ya kuchachisha iwe ndoo ya plastiki ya chakula, yenye kifuniko.

Hita, waya, plagi na kikata umeme vinunuliwe vipya. Hapa usibane hata faranga moja. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, tena kwa saa kadhaa mfululizo. Waya mwembamba wa taa hauwezi. Tumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wenye njia tatu, uliotoka moja kwa moja kwenye boksi la umeme na kupitia kikata umeme chake chenyewe cha ampea 16. Usitumie kamba ya kurefushia umeme iliyokunjwa kunjwa; hupata moto katikati ya mkunjo na kuyeyuka.

Pamoja na hicho, weka kikata umeme cha kuhisi umeme unaovuja, kile mafundi wetu wanachokiita disjonkta diferensieli, cha miliampea 30. Cha ampea 16 hulinda waya usiungue. Hiki cha miliampea 30 hulinda mtu asife. Maji, chuma na umeme vikikutana, mwili wa binadamu ndio njia fupi ya kufika ardhini. Pipa na sufuria vyote vifungwe waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, uliounganishwa na nondo iliyozikwa.

Nondo hiyo nayo ina neno lake Mudende. Ardhi yetu ni ya mawe ya volkano, na mwamba mkavu wa volkano haupitishi umeme vizuri. Nondo fupi iliyochomekwa kwenye kokoto ni pambo tu. Pengine zitahitajika nondo mbili au tatu, mahali penye udongo mweusi wenye unyevu. Asiyekuwa na kifaa cha kupimia hawezi kujua, kwa hiyo kazi hii apewe fundi mwenye kibali cha RURA, naye apime mbele yako. Radi ikianza kunguruma, jambo la kawaida katika milima hii, zima na uchomoe.

Kinachobaki ni kifaa cha kuongoza joto. Kuna vithamostati vidogo vya kidijiti, kama STC-1000, vinavyouzwa kwa bei ya chini na ambavyo wapishi wa nyumbani duniani kote wanavitumia. Kimeandikwa ampea 10, na hita yako inavuta karibu 9. Ni kama lori la tani 10 lililobebeshwa tani 9 kila siku kwenye mlima. Kwa hiyo thamostati isibebe mzigo wenyewe. Iamuru kontakta, nayo kontakta ndiyo iwashe na kuzima hita. Asiyemudu thamostati aanze na kipimajoto cha jikoni na swichi ya mkono. Kipimajoto kimoja tu kitakuwa kimekwisha kumpita kidole.

Upishi wenyewe

Kwa sufuria ya lita 40, tuchukue kilo 5 za unga wa kimea na lita 25 za maji. Kimea kiwe kimekauka, na mizizi na vichipukizi viwe vimepukuchwa na kupepetwa, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina kiasi cha sumu ya sianidi. Kamwe usitumie mtama wa mbegu uliotiwa dawa, hata ukiuosha mara kumi.

Kwanza, pasha maji ya sufuria mpaka nyuzi 45 au 50. Zima umeme. Tia unga, koroga, acha nusu saa utulie. Chota maji ya juu, kama lita 10, weka kando kwenye ndoo safi iliyofunikwa. Pili, washa, pika uzito uliobaki mpaka nyuzi 85 na uukalishe hapo nusu saa, ukiuzima umeme kila unapotaka kuingiza mwiko.

Tatu, toa nusu ya maji moto ya pipa la nje na uyabadilishe na ya baridi; yale ya moto yatumie kuoshea ndoo na vitambaa. Rudisha ndani ya sufuria zile lita 10 ulizoweka kando. Joto litashuka lenyewe na kutua karibu na nyuzi 64. Lishike kati ya 60 na 65 kwa saa nzima, au zaidi kidogo. Onja: kama kazi imekwenda sawa, uji utakuwa umekuwa mwepesi na mtamu.

Nne, chuja kwa kitambaa kisafi, rudisha sufuriani, pandisha tena mpaka nyuzi 85 kwa dakika 20. Kisha poza mpaka chini ya nyuzi 30 ndipo utie umusemburo au hamira ya dukani. Ukitia mapema umeiua.

Hatua hii ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye faida kubwa kwa afya. Utafiti wa François Lyumugabe na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 uliipima ikigage ya Rwanda, wakakuta ndani yake hamira na bakteria wa kuchachusha kama ilivyotarajiwa, lakini pia vijidudu vya uchafu kama E. coli. Vijidudu hivyo hutoka kwenye maji, mikono na vyombo. Kupika vizuri halafu kumimina kwenye jerikeni chafu ni sawa na kuoga na kuvaa nguo za jana.

Baridi ya usiku

Wanaoishi chini kando ya ziwa hawajui shida hii. Usiku wa Mudende ni baridi, na hamira ikipigwa baridi inalala. Pombe inachelewa, na wakati huo bakteria wa uchachu wanapata nafasi. Pipa lilelile linakuwa dawa. Toa sufuria, weka ndoo ya kuchachisha ndani ya maji ya pipa, uyapashe jioni mpaka nyuzi 28, zima umeme, funika kila kitu kwa blanketi. Maji mengi hupoa polepole, na hadi asubuhi hamira itakuwa bado inafanya kazi. Si lazima umeme uwake watu wakiwa wamelala, na ni afadhali usiwake.

Hesabu ya uniti

Kipimo rahisi cha kukumbuka: uniti moja ya umeme inapandisha joto la lita 10 za maji kwa nyuzi 86. Maji yetu huanza kwenye nyuzi 15 hivi na kuchemka kwenye 92, kwa hiyo uniti moja inachemsha lita 10 na chenji inabaki. Mpishi huu wote, pamoja na maji ya pipa la nje, kimahesabu ni kama uniti 6. Ongeza joto linalopotea hewani, weka 7 au 8. Soma mita kabla na baada, zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, kisha ulinganishe na bei ya mzigo wa kuni. Andika kwenye daftari mara tano mfululizo. Daftari ndilo litakalokuambia kama biashara inalipa, si mimi wala jirani.

Tusichanganye na kanyanga

Nimalizie na onyo. Mtambo huu ni wa ikigage, busaa, mbege au komoni, kila mmoja kwa jina la kwao. Si wa kukenekea kanyanga, ambayo ni marufuku nchini, kama gongo kwa ndugu zetu wa Tanzania. Pombe ya nafaka iliyopikwa kwa usafi haiui watu kwa mkupuo. Kinachoua ni tamaa ya kuongeza ukali kwa spiriti ya viwandani. Mei 2014 nchini Kenya watu kwa makumi walikufa kwa pombe yenye methanoli. Desemba 2021, hapa kwetu Bugesera na Kigali, watu walipoteza maisha kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka kufunga pombe kwenye chupa na kuiuza apite kwanza Rwanda FDA na shirika la viwango, RSB. Na asimuuzie mtoto wa chini ya miaka 18.

Kina mama wanaopika watatu au wanne wanaweza kuchangia mtambo mmoja na kupeana zamu, kama wanavyopeana zamu za ibimina. Waanze kwa kumwita fundi, wazike nondo, waweke kile kikata umeme cha miliampea 30 na kukibonyeza kitufe chake cha majaribio waone kama kinakata. Pipa na sufuria vinaweza kusubiri mwezi ujao. Pombe ikiharibika, mtama mwingine upo sokoni. Mama akipigwa umeme, hakuna soko linalomuuza mwingine.